Uchumi wa nchi ukianguka kabisa, jamii na siasa zinaenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa wanafunzi wa tuisheni ya uchumi hapa Moshi, kwa akina mama wa kikoba, na kwa madereva wa stendi ambao wakishajua unafundisha uchumi hawakuachii upite. Anza popote unapotaka. Namba zipo ili nikisema "ona swali la 9" uende huko nisirudie maneno.

## Mambo ya mwanzo

1. Anguko la uchumi ni kitu gani, si ndo vyuma kukaza?

Mfukoni vinafanana lakini ni vitu viwili. Vyuma vinaweza kukaza kwako na kwa jirani huku nchi kwa ujumla inakua, kama miaka ile ya 2016 na 2017, mtaani kilio, takwimu zinasema uchumi unakua zaidi ya asilimia 6. Mdororo wa kawaida ni pale uzalishaji wa nchi nzima unapungua, wengi wanahesabu robo mbili za mwaka mfululizo, halafu mambo yanarudi. Anguko ni mdororo uliogoma kuondoka. Hakuna mstari rasmi ila ukiona nchi imepoteza kama sehemu ya kumi ya uchumi wake, au imekaa chini miaka kadhaa, hapo hatuzungumzii tena vyuma.

Mfano unaotajwa kila darasa ni Marekani. Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na kufika 1933 uchumi wao umepungua kwa karibu asilimia 30, mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi, benki kama 9,000 zimekufa na hela za watu ndani yake.

2. Nasikia kipindi kile bei zilishuka. Sasa bei kushuka si raha?

Raha kwa mwenye mshahara ambao haujaguswa, na hao huwa wachache. Mkulima wa kahawa akiuza kilo kwa nusu ya bei ya jana, deni lake halishuki nusu, kodi haishuki nusu, ada haishuki nusu. Mwenye duka naye akijua kesho bei itakuwa chini zaidi haagizi mzigo, kiwanda kinakosa oda, kinapunguza watu, na waliopunguzwa ndo walikuwa wateja wa lile duka. Inazunguka hivyo hivyo mpaka mtu aikate, na wa kuikata mara nyingi ni serikali, ambayo nayo muda huo inakusanya kodi kidogo kwahiyo inabana matumizi na kuongeza moto.

Kuna anguko la aina nyingine ambalo uzalishaji unashuka na bei zinapanda kwa pamoja. Hilo sisi tunalijua vizuri zaidi, ona swali linalofuata.

3. Tanzania tumewahi kupitia?

Mara mbili kubwa. Ya kwanza ni miaka ya 1930 chini ya Mwingereza, bei ya mkonge na kahawa ilivyoporomoka huko duniani na Tanganyika ikaporomoka nayo, huku kodi ya kichwa inadaiwa vilevile (habari ya kahawa ipo swali la 11).

Ya pili wazee wetu wanaikumbuka kwa foleni. Mafuta yalipanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita ya Kagera ikaja 1978 na kutafuna fedha za kigeni, na mashirika ya umma mengi yalikuwa yanakula kuliko yanavyozalisha. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 80 viwanda vinafanya kazi sehemu ndogo tu ya uwezo wake maana hakuna dola ya kununua malighafi wala vipuri, mfumuko wa bei unacheza kwenye asilimia 30 kwa mwaka, na dukani rafu ziko wazi. Sabuni kwa kugawiwa, sukari kwa kugawiwa, unga wa njano wa msaada ambao watu waliubatiza yanga, miguuni katambuga za matairi. Dogo wa leo akisikia anadhani unatia chumvi.

## Nyumbani na mtaani

4. Nani anaumia kwanza?

Watu wanategemea niseme maskini kabisa. Mara nyingi sio, wa kwanza ni yule aliyekuwa na kipato cha kila mwezi na mkopo juu yake. Mwenye kihamba (shamba la familia la Kichaga), mgomba nyuma ya nyumba na ng'ombe mmoja wa maziwa anapigwa ila anakula. Aliyepanga chumba kule Ngarenaro au Majengo, hana shamba, anategemea mshahara wa hoteli, huyo mwezi wa pili tu ameshakwama.

Ndo maana anguko linarudisha watu vijijini. Kwenye karatasi hawaonekani kama wamekosa ajira, wanaandikwa wanajishughulisha na kilimo, lakini ukweli ni kwamba ndugu mmoja anamlisha mwingine na shamba lile lile limegawanywa kwa midomo mingi zaidi. Migogoro ya ardhi ndani ya familia inaanzia hapo, kaka aliyekuwa mjini miaka yote amerudi anataka kipande chake, na huku kwetu vihamba vyenyewe vilishakatwa katwa mpaka vimebaki viraka.

5. Ni kweli ndoa na uzazi vinapungua?

Kweli. Marekani ya miaka ya mwanzo ya 1930 ndoa zilipungua na watoto waliozaliwa walipungua, watu waliahirisha. Cha kuchekesha ni kwamba talaka nazo zilipungua, maana talaka ina gharama na nyumba ya pili ina kodi, watu wakabaki pamoja wamenuniana, uchumi ulivyorudi talaka zikarudi. Kwahiyo mtu akikuonesha takwimu za talaka kushuka akasema familia zimeimarika, muulize kwanza hali ya hela.

6. Mbona wanaume ndo wanaanguka zaidi kwenye pombe na kukata tamaa?

Mwanaume aliyeambiwa maisha yake yote kwamba thamani yake ni kuleta hela, hela ikikatika anabaki hana kazi ya kufanya ndani ya nyumba. Mwanamke naye amepoteza kipato lakini bado anapika, anafua, anahangaikia watoto, na huku kwetu bado ana ndizi za kupeleka sokoni. Siku yake ina umbo. Hili limepimwa kabisa, ona swali la 9.

7. Uhalifu unaongezeka?

Wizi wa kuvunja nyumba inategemea na nchi, sitoi jibu la jumla. Kinachoongezeka karibu kila mahali ni ile hali ya kila mtu kuwa mvunja sheria kidogo. Chukua magendo ya miaka ya 70 na 80. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa Novemba 1983, baada ya marais watatu kukutana hapo jirani Arusha na kukubaliana mgawanyo wa mali za Jumuiya. Miaka yote hiyo katikati Holili, Tarakea, Namanga hapakulala. Kahawa inavuka usiku kwenda ng'ambo, sabuni, mafuta ya kula na dawa ya meno vinarudi.

Waliokuwa wanavusha ni walimu, wazee wa kanisa, mama wenye watoto wanaonuka kwa kukosa sabuni. Sasa hapo ndo jamii inabadilika kwa ndani, kwa sababu mtu mwema akishazoea kumkwepa askari ili watoto waoge, heshima ya sheria imeshatoka na kuirudisha inachukua miaka mingi kuliko kurudisha sukari dukani. Rushwa ndogo ndogo tunazolalamikia leo kwa maoni yangu sehemu kubwa zilikomaa kipindi kile, mshahara wa mtumishi ulikuwa hautoshi hata wiki mbili na kila mtu alijua anaishi kwa kitu kingine.

8. Vikoba vinasaidia au navyo vinakufa?

Vinasaidia shida ya mtu mmoja mmoja. Shida ikiwapiga wanachama wote mwezi mmoja, kikoba kinakuwa hakina hela maana wote wanataka kukopa na hakuna anayerejesha, na hapo ndo kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa, anagonga mlango. Kikundi chenye wanachama wa kazi tofauti tofauti kinavumilia zaidi ya kile ambacho wote wanauza nguo Kiboriloni.

## Siasa sasa

9. Watu wakikosa kazi kwa wingi, mbona hawaingii barabarani?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Kuna kijiji kinaitwa Marienthal karibu na Vienna, Austria, kijiji kizima kilikuwa kinategemea kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa mwanzoni mwa anguko lile la 1930. Watafiti wakaenda kuishi nao. Walitegemea watu wenye muda mwingi watasoma, watajipanga, watachemka kisiasa. Wakakuta kinyume, watu waliazima vitabu vichache maktaba, waliacha kununua magazeti, shughuli za vyama zilipungua. Walipima hata mwendo wa kutembea barabarani, wanaume walikuwa wanatembea polepole na kusimama simama, wanawake wanatembea haraka kwa sababu wana la kufanya.

Kwahiyo aliyeanguka muda mrefu mara nyingi ananyamaza. Anayepiga kelele ni yule anayeona anakaribia kuanguka, mwenye duka dogo, karani, mwanafunzi wa chuo anayemaliza na hakuna ajira. Pia kitu cha ghafla kinachemsha haraka kuliko shida ya taratibu, bei ya mafuta ikipanda usiku mmoja watu wanatoka, mshahara ukiliwa na mfumuko miaka mitano wanalalamika vijiweni tu. Halafu kuna hasira ya kuona wengine hawaumii. Njaa ikiwa ya wote watu wanavumilia kwa kushangaza, ikionekana kuna waliokaa pembeni wanakula, uvumilivu unaisha.

10. Kwahiyo chama tawala lazima kianguke?

Kwenye nchi zenye uchaguzi wa kweli aliyekuwepo madarakani huwa anaadhibiwa hata kama kosa sio lake. Hoover wa Marekani alipigwa na Roosevelt mwaka 1932 kwenye majimbo 42 kati ya 48. Ugiriki chama cha PASOK kilipata karibu asilimia 44 mwaka 2009, uchumi ukaanguka, Mei 2012 kikaambulia 13. Indonesia Suharto alikaa miaka zaidi ya 30 hakuna wa kumgusa, mwaka 1998 uchumi ukapungua kama asilimia 13 na Mei akajiuzulu. Sri Lanka 2022 rais alikimbia nchi.

Sisi hapa ni tofauti, na watu wanasahau. Anguko la miaka ya 80 halikuondoa CCM, lilibadilisha CCM kutokea ndani. Edwin Mtei, waziri wa fedha, aliachia ngazi 1979 kwa sababu ya kutokubaliana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya IMF, shirika la fedha la kimataifa. Mwalimu mwenyewe alihoji hadharani ni lini IMF iligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia, na mwaka 1980 mkutano mkubwa ulifanyika hapo jirani Arusha kuhusu mfumo wa fedha wa kimataifa. Lakini bajeti ya 1984 chini ya Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga, iliruhusu wenye dola zao waagize bidhaa bila kuulizwa wamezitoa wapi, 1985 Mwalimu akang'atuka, Mwinyi akaingia, 1986 mkataba na IMF ukasainiwa. Shilingi ikashushwa mpaka kama 40 kwa dola, kabla ya hapo ilikuwa kama 17. Rafu zikajaa, watu wakamwita Mzee Ruksa, na wenye mshahara wakagundua kwamba vitu vipo ila bei haishikiki. Mtei naye 1992 akaanzisha CHADEMA. Mtu na barua yake ya kujiuzulu, miaka kumi na tatu baadaye kuna chama.

11. Anguko la 1930 liliwafanya nini wakulima wa Kilimanjaro?

Wachaga walikuwa na chama chao cha kahawa tangu 1925, KNPA (Kilimanjaro Native Planters Association), na Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake. Bei ilipoanguka chama kikaingia kwenye madeni na ugomvi, serikali ya kikoloni haikukipenda tangu mwanzo maana kilikuwa kinajiamini sana, ikapata nafasi. 1932 ikatungwa sheria ya ushirika, 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, yenye meneja mzungu.

Wengi wanaishia hapo wanasema "KNCU ni mtoto wa anguko", sawa, ila kipande kitamu ni kinachofuata. Wakulima wakalazimishwa kuuza kahawa yote kupitia KNCU, hakuna njia nyingine, na 1937 bei ikashuka tena. Mkulima wa 1931 bei ikishuka alikuwa hamjui wa kumlaumu, ni dunia huko. Mkulima wa 1937 alikuwa na mlango wa kugonga, ghala la ushirika lipo pale njiani, na mangi (chifu wa Kichaga) aliyesema uza hapa anafahamika kwa jina. Zikatokea fujo, maghala yakashambuliwa, serikali ikatumia nguvu. Yani hasira ilipopata anwani ndo ikawa siasa. Ukiwa mtawala na ukajipa kazi ya kupanga bei, jua na lawama ya bei umeichukua.

12. Hitler aliletwa na njaa?

Njaa ilimfungulia geti, waliomkaribisha ndani ni watu walioshiba. Angalia namba. Mei 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6, kichekesho. Septemba 1930, anguko limeshaingia, asilimia 18. Julai 1932, wasio na kazi wamefika kama milioni 6, asilimia 37. Katikati hapo Brüning, Kansela (mkuu wa serikali) wa Ujerumani, alikuwa anabana matumizi na kukata mishahara kwa amri za dharura, bunge limewekwa pembeni, watu wakazoea nchi kuendeshwa bila bunge.

Lakini wasio na kazi wenyewe wengi walikimbilia wakomunisti. Waliojazana kwake ni wakulima, wafanyabiashara wadogo na tabaka la kati lenye hofu, wale wale wa swali la 9. Na Novemba 1932 kura zake zilishashuka mpaka 33, alikuwa anapungua, ndipo wanasiasa wa kihafidhina wakamkabidhi ukansela tarehe 30 Januari 1933 wakidhani watamtumia. Kwahiyo usimwachie uchumi lawama yote. Sweden walipigwa na dhoruba hiyo hiyo, 1932 wakachagua wasosholaisti wa kidemokrasia walioanza kujenga mfumo wa hifadhi ya jamii. Marekani wakapata Roosevelt, bima ya amana za benki 1933 na pensheni ya uzeeni 1935.

13. Kwanini wageni au kabila fulani ndo wanabebeshwa lawama?

Kwa sababu sababu halisi haionekani kwa macho. Huwezi kuandamana dhidi ya bei ya dunia, ila duka la jirani mwenye jina tofauti unaliona. Indonesia 1998 waliovamiwa ni wafanyabiashara wenye asili ya China. Afrika Kusini Mei 2008 waliouawa kwenye vurugu dhidi ya wageni walikuwa zaidi ya 60, na miongoni mwa walioshambuliwa walikuwemo Wazimbabwe waliokimbia anguko la kwao. Anguko la nchi moja likawa kisingizio cha fujo nchi jirani.

Kwetu 1983 kulikuwa na operesheni ya wahujumu uchumi chini ya waziri mkuu Sokoine, mtoto wa Monduli. Ilipendwa sana, na mpaka leo ukimsema vibaya Sokoine vijiwe vya Arusha utaondoka peke yako. Alikuwa mwadilifu, hilo halina ubishi. Ila kiuchumi bidhaa zilikuwa adimu kwa sababu hazizalishwi na haziagizwi, kukamata waliozificha kuligawa kilichopo tu, wafanyabiashara wengine wakatupa mizigo usiku kwa woga na uhaba ukazidi. Sokoine akafariki kwa ajali Aprili 1984, na mwaka ule ule serikali ikaanza kulegeza biashara. Wakati mwingine siasa inahitaji kuonesha kwamba kuna mtu anafanya kitu, ndo naielewa hivyo.

## Maswali ya pembeni

14. Korona ya 2020 ilikuwa anguko?

Kitaifa hapana, uchumi ulipunguza kasi lakini ulibaki unakua. Kwa Arusha na Moshi ilikuwa anguko kamili. Watalii walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, mwaka uliofuata wakawa kama laki 6 na elfu 20. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walirudi kulima, madereva wa safari wakauza magari. Na siasa haikutikisika kwa sababu hiyo, maana mkoa mmoja ukianguka peke yake habari zake haziwi za nchi.

15. Vita inafufua uchumi?

Marekani ya miaka ya 40 viwanda vilipata oda za silaha na ajira zikarudi, kweli. Walikuwa na viwanda vimelala vinasubiri oda. Sisi vita ya Kagera tulinunua silaha na mafuta nje kwa dola ambazo hatukuwa nazo. Jibu unalo.

16. Nikisikia uvumi benki inayumba, nikatoe hela?

Kila mtu akikimbia kutoa, hata benki yenye afya inakufa, maana hela zako zimekopeshwa hazijakaa kwenye sefu. Ndo sababu kuna Bodi ya Bima ya Amana. Kiasi kinacholipwa kina kikomo, ulizia kikomo cha sasa kabla ya kuweka akiba yote sehemu moja.

17. Kilimanjaro kuwa ngome ya upinzani miaka ya 90 na kuendelea, ni kwa sababu ya kahawa?

Sehemu, na hapa nabishana na wazee wengi. Mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ulivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka, watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya na ndizi, na hela ya ada iliyokuwa inatoka kwenye kahawa ikakauka. Vyama vingi vikaruhusiwa 1992 na uchaguzi wa kwanza ukaja 1995, Mrema akiwa mgombea urais kupitia chama cha NCCR-Mageuzi akapata karibu asilimia 28 nchi nzima na huku kwetu akabebwa juu juu.

Ila ukisema ni kahawa tu, kuna sehemu zingine zilizopoteza zao lake na ziliendelea kuipigia CCM. Huku kulikuwa na shule nyingi tangu zamani, kulikuwa na mazoea ya kugombana na ushirika na serikali tangu enzi za KNPA, na kulikuwa na watoto wa hapa waliowahi kuwa ndani ya serikali wakatoka, Mtei na Mrema wote. Kahawa iliondoa hela, hao wengine walikuwepo tayari wa kuwaambia watu hela imeenda wapi. Mkulima mmoja wa Kibosho nilipomweleza hivi alinijibu kwamba yeye alimpigia Mrema kwa sababu anaongea vizuri, na mibuni yake hajawahi kung'oa.